Kuku wa uani hatagi kwa jirani kwa ukorofi, amekosa pa kutagia

Kwa Mhariri,

Mkaazi yeyote wa mitaa ya Mombasa ambayo nyua zake zinapakana, iwe Majengo, Kisauni, Likoni au Changamwe, atakuwa ameshuhudia ugomvi wa mayai. Kuku wa nyumba hii huingia stoo ya nyumba ya pili na kutaga humo. Mwenye kuku hudai mayai yake. Mwenye stoo hujibu kwamba kilichotagwa kwake ni chake. Na kabla jua halijatua, majirani waliokuwa wakipelekeana futari kila Ramadhani hupishana mlangoni bila ya salamu. Mara nyingi hukumu humwangukia kuku. Husemwa kwamba ana tabia mbaya, kwamba ni mwizi wa fadhila anayekula kwetu na kutaga kwao, na Ijumaa inayofuata huwa yumo chunguni.

Naomba nafasi katika ukurasa wako nimsemee kuku huyo, kwa kuwa nimefuga kuku wa uani tangu utotoni na naona tunamchinja kwa kosa ambalo si lake. Hoja yangu ni kwamba kuku hatagi pasipofaa kwa ukorofi wala kwa kukosa shukrani, bali kwa sababu hakupewa pa kutagia, na kwamba anayemfuga ana wajibu wa kulijua hilo kabla ya kushika kisu.

Atakayekaa kitako uani asubuhi moja akamtazama mtetea aliyekaribia kutaga ataona mwenendo usiokuwa na ubahatishaji ndani yake. Saa moja au mbili kabla ya yai kutoka, kuku huacha kuparura pamoja na wenzake. Hutembea shingo imenyooka, akitoa sauti ya chini iliyovutwa, tofauti kabisa na kelele yake ya baadaye, na hutia kichwa katika kila upenyo: nyuma ya pipa la maji, chini ya kitanda cha kamba kilichoegemezwa ukutani, ndani ya karai lililolazwa ubavu, baina ya magunia ya makaa. Huingia, hukaa kidogo, hutoka, hurudi tena. Akishapachagua mahali, huparura kwa miguu mpaka pakawa na kishimo, hujizungusha huku akikandamiza kifua ili kishimo kilingane na mwili wake, kisha huokota kwa mdomo chochote kilicho karibu, kipande cha ukuti, unyoya au jani kavu, na kukitupa mgongoni au ubavuni. Baada ya hapo hutulia, na ni vyema mtu naye atulie.

Dakika za mwisho zinapowadia, huinuka nusu, miguu imetanuka, mkia umeshuka, manyoya ya shingo yamesimama na mdomo umefunguka kidogo. Mwili hukaza mara kadhaa, na yai hutoka kwa kawaida likitanguliza upande wake butu, limelowa na kung'aa. Unyevu huo hukauka mbele ya macho ya mtazamaji na kuacha utando mwembamba unaoziba vitundu vya ganda, ili vijidudu visipenye kwa urahisi. Kwa sababu hiyo yai la kuwekwa halifai kuoshwa, na lenye uchafu kidogo lapanguswa kwa kitambaa kikavu tu. Kuku mwenyewe hugeuka akalitazama yai, akaligusa kwa mdomo, na mara nyingi hulikalia kwa muda kabla ya kutoka na kuanza kutetea kwa sauti inayofika nyumba ya tatu.

Mwenendo huu hauongozwi na matakwa ya kuku ya asubuhi hiyo. Mtafiti David Wood-Gush na wenzake waliofanya kazi Edinburgh, Uskoti, katika karne iliyopita walionyesha kwamba hamu ya kutafuta kiota huanzishwa na homoni zinazotoka katika kifuko kinachobaki kwenye ovari, yaani mahali viini vya mayai vinapokulia, baada ya kiini kuchopoka siku iliyotangulia. Kwa hivyo, msukumo utakaomwingiza kuku katika stoo ya watu kesho umeshaanza mwilini mwake leo, na hakuna fimbo itakayouondoa. Kuku waliofungiwa vizimbani bila ya kiota huonekana wakienda mbele na nyuma kwa muda mrefu kabla ya kutaga, wakitafuta kisichokuwapo. Majaribio mengine yamethibitisha kwamba kuku aliyefikiwa na saa yake yuko tayari kusukuma mlango uliotiwa uzito, au kujipenyeza katika mwanya mwembamba, ili mradi akifikie kiota. Umoja wa Ulaya ulilichukulia jambo hili kwa uzito hata ukalitia katika sheria yake ya mwaka 1999, iliyopiga marufuku vizimba vitupu vya kuku wa mayai kuanzia tarehe 1 Januari 2012 na kuagiza kwamba kila kuku awe na kiota cha kuingia. Ikiwa mashamba yenye maelfu ya kuku yamelazimishwa kufanya hivyo, sisi wenye kuku watano au sita tuna udhuru gani?

Inafaa pia kukumbuka alikotoka. Asili ya kuku wote wa kufugwa ni kuku wa mwitu wa misitu ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Jike wa huko hujitenga na kundi, hujificha chini ya kichaka, na hutaga yai moja moja mpaka yafike manne, matano au sita, kisha akaatamia. Aliyetaga hadharani mayai yake yaliliwa na kizazi chake kikakatika. Waliobaki ni wazao wa wale waliojua kujificha. Kuku wa mtaa wa mjini kama Kibokoni hana msitu, lakini silika yake ni ileile, na stoo ya jirani yenye giza, magunia na utulivu ndicho kichaka kilicho karibu naye zaidi. Ua wetu uliotiwa saruji na kufagiwa vizuri, wenye jua kali, watoto wanaocheza mpira na paka aliyekaa juu ya ukuta, machoni pake ni mahali pa kupoteza yai.

Kumtengenezea kiota si kazi ya fundi wala ya fedha nyingi. Sanduku la mbao la matunda linalotupwa pale soko la Kongowea latosha; kikapu kichakavu cha miyaa chatosha; ndoo pana iliyopasuka, ikilazwa ubavu na kuegemezwa kwa mawe mawili, yatosha. Upana wa sentimita 30 kila upande unamtosha kuku mmoja kujizungusha, na kiota kimoja kinaweza kutumiwa kwa zamu na kuku wanne au watano. Ndani yake patiwe nyasi kavu, taka za randa za seremala, au nyuzi za makumbi ya nazi zilizochambuliwa na kuanikwa vizuri, kwa kuwa makumbi yenye unyevu huzaa ukungu. Mbele pawe na kizuizi kifupi ili yai lisiviringike nje. Mlango uelekee ukutani au ufunikwe nusu kwa gunia, maana kuku hupenda kuwa gizani huku yeye mwenyewe anaona nje. Kiota kisiwe chini ya mabati yaliyo wazi kwa jua la mchana, na kiwe chini zaidi kuliko kijiti cha kulalia, la sivyo kuku watalala ndani ya kiota na kukichafua kwa kinyesi usiku kucha. Jambo ambalo wengi hulipuuza ni kwamba kiota kinapaswa kuwekwa wiki moja au mbili kabla tembe hajaanza kutaga, apate kukizoea, na kikishawekwa kisihamishwehamishwe kila ua unapofagiwa.

Kuku huvutwa sana na kiota ambacho tayari kina yai. Ukiwa na viota vitatu vinavyofanana, utaona kuku wamepanga foleni mbele ya kimoja chenye mayai huku viwili vitupu vimeachwa, na mwenye haraka huingia na kumkalia mwenzake mgongoni. Nimewatazama wawili wakitaga katika karai moja, mmoja ameangalia ukuta na mwingine mlango, bila ya kudonoana. Kwa sababu hiyo wazee wetu hawakuwa wakiyaokota mayai yote; waliacha moja ili kumrudisha kuku kesho yake. Yai hilo la kuachwa litiwe alama ya makaa ili lisije likachanganywa na mabichi, au mahali pake pawekwe jiwe jeupe laini la pwani lenye ukubwa wa yai, ambalo haliozi wala halivunjiki.

Kwa aliyekwisha kuhamia kwa jirani, dawa ni subira. Kuku wengi hutaga kati ya asubuhi na adhuhuri, kwa hivyo wakifungiwa bandani pamoja na kiota kizuri mpaka adhuhuri kwa wiki moja hivi, wakapewa maji na chakula humo ndani, wengi huacha njia ya zamani. Mayai yanayopatikana katika kiota cha siri yapimwe kwanza kwa maji. Yai bichi huzama na kulala. La siku nyingi husimama au huelea, kwa kuwa maji yake ya ndani yamepungua na nafasi ya hewa imekua. Linaloelea lisipelekwe jikoni, na ningependa kuongeza kwamba halifai pia kuwa chanzo cha kesi. Kuhusu mwenye haki, maoni yangu ni kwamba mayai ni ya mwenye kuku, lakini jirani aliyechafuliwa stoo yake na kuvumilia ana stahiki ya kupewa sehemu yake kwa heshima, na kuku atafutiwe kiota siku hiyohiyo.

Jambo lingine linaloleta dhuluma ni ile dhana kwamba kuku mzuri lazima atage kila siku. Nyumba moja niijuayo ilimfukuza binti wa kazi kwa shutuma ya kuiba mayai. Mama mwenye nyumba alikuwa akihesabu kila jioni, na siku yai lilipokosekana alimwambia binti, "Kuku hakosi, wewe ndiye uliyelila." Binti alilia na kuapa, na hakuna aliyemsikiliza. Laiti mama yule angelijua namna yai linavyoundwa, asingelimvunjia heshima mtoto wa watu.

Kuku ana ovari moja tu inayofanya kazi, ya kushoto. Kiini kinapochopoka, huingia katika mrija na kuvikwa ute mweupe kwa muda wa saa tatu hivi, kisha ngozi mbili nyembamba kwa zaidi kidogo ya saa moja, na baada ya hapo hukaa karibu saa 20 mahali ambapo ganda hutengenezwa. Kwa jumla kazi yote huchukua saa 24 mpaka 26, na kiini cha yai linalofuata huchopoka takriban nusu saa baada ya yai la kwanza kutagwa. Kuku aliyetaga leo saa mbili asubuhi atataga kesho karibu na saa tatu, kesho kutwa saa nne, na kuendelea hivyo mpaka saa yake inapoangukia alasiri. Hapo mwili husita, kiini hakichopoki, na kuku hupumzika siku moja kabla ya kuanza mfululizo mpya asubuhi na mapema. Siku isiyokuwa na yai, basi, imo katika maumbile yake. Kuna jingine la kusahihisha hapa: kuku hahitaji jogoo ili atage. Jogoo huhitajika yai liwe na mbegu ya kifaranga tu.

Wafugaji wa nchi za baridi huona kuku wao wakiacha kutaga mchana unapofupika, kwa kuwa mwanga ndio unaoziamsha homoni za utagaji, na kuku wa mayai hutaga kwa wingi zaidi anapopata mwanga wa saa 14 hadi 16. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na tofauti baina ya mchana mrefu na mfupi kabisa wa mwaka haifiki nusu saa. Kinachowasumbua kuku wetu ni joto. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, joto la mchana linapozidi nyuzi 30 na upepo ukakatika, utawaona kuku wametanua mbawa na kuhema mdomo wazi. Kuhema huko hutoa hewa ya kaboni nyingi mwilini, na kwa kuwa ganda linahitaji kaboni hiyo ili liundwe, mayai ya msimu huo hutoka na maganda membamba yanayopasuka mkononi. Kuku akihema pia hali vya kutosha. Kivuli, maji baridi yanayobadilishwa mara mbili au tatu kwa siku, na banda lenye kupitisha upepo humsaidia zaidi kuliko dawa yoyote ya dukani. Kuku kishingo, ambao wengine huwaona wabaya kwa kuwa shingo zao hazina manyoya, na kidimu wenye manyoya yaliyopindika, hustahimili joto hili kuliko wenzao, na ingefaa tusiwadharau.

Ganda la yai ni chokaa karibu yote, zaidi ya asilimia 90, na kila yai huchukua takriban gramu 2 za kalsiamu kutoka mwilini mwa kuku. Asipoipata katika chakula huitoa katika mifupa yake. Sisi wa pwani hatuna haja ya kununua kitu: makome na maganda ya chaza yanayookotwa ufuoni, yakioshwa chumvi, yakakaushwa na kupondwa vipande vidogo, ni tiba kamili. Makaka ya mayai yaliyokaangwa kidogo na kupondwa yafaa pia, lakini yasiwe na umbo la yai tena, kuku asije akajifunza kula mayai yake mwenyewe. Yawekwe katika chombo peke yake, na yasikosekane jioni, kwa sababu sehemu kubwa ya ganda hutengenezwa usiku na kuku huyatafuta zaidi jua linapoelekea kuchwa. Kuhusu chicha ya nazi, ambayo ndiyo chakula cha kuku katika nyumba nyingi za Mombasa, ni nzuri kwa kushibisha, lakini haitoshi peke yake. Kuku anayekula chicha na makombo ya ugali tu hana protini ya kuunda yai. Aongezewe dagaa, vichwa vya samaki vilivyochemshwa, au mchwa. Wakati wa kunyonyoka ndio anaozihitaji zaidi, kwa kuwa manyoya ni protini karibu matupu, na kwa miezi miwili au mitatu ya kuyabadilisha huacha kutaga kabisa bila ya kuwa mgonjwa.

Nawasihi wazazi wawakataze watoto kumkimbiza kuku aliyekaa kiotani. Akitishwa wakati yai liko tayari, anaweza kulizuia ndani kwa saa kadhaa, nalo huendelea kupakwa chokaa huko. Yai lenye vumbi jeupe juu ya ganda, au lililobonyea ubavu mmoja, mara nyingi ni dalili ya kuku aliyesumbuliwa. Mwenye kuku akiokota mayai ya namna hiyo mara kwa mara, aangalie ni nini kinachopita mbele ya kiota chake.

Nije kwenye kuatamia, ambako ndiko ukatili ulikozidi. Mayai yakikusanyika chini ya kifua cha kuku, mguso wake kwenye ngozi huchochea homoni inayomfanya aache kutaga na kuyalalia. Hukaa ametanda kama ungo, manyoya yamevimba, akiguruma na kumdonoa anayemkaribia. Hujinyonyoa kifuani ili ngozi iguse mayai, huyageuza kwa mdomo, na hutoka mara moja tu kwa siku kula, kunywa na kujisaidia. Akiachwa na mayai yenye mbegu, huangua baada ya siku 21. Huu ni umahiri mkubwa, na ndio uliowapa watu wetu vifaranga tangu zamani bila ya umeme wala mashine. Lakini mwenye kutaka mayai ya kula humwona kuku anayeatamia kuwa mvivu, akamtumbukiza katika ndoo ya maji, au akamfunga mguu kwa kamba juani mpaka azimie. Hakuna haja ya kumtesa. Kinachoitunza hamu ya kuatamia ni joto na giza la kiota chini ya kifua chake. Mwondoe hapo, umweke katika tenga lenye matundu lililoinuliwa juu ya matofali, mahali penye mwanga, kivuli na upepo, akiwa na maji na chakula, na baada ya siku chache ataacha. Kama ana haja ya kulea, basi apewe mayai kumi au kumi na mawili yaliyokusanywa ndani ya wiki moja, yaliyowekwa mahali pa baridi karibu na mtungi, kwa sababu katika joto letu yai lenye mbegu lililoachwa ovyo huanza kukua kabla ya wakati na mwishowe huwa viza.

Wanaolalamika kwamba kuku wa kienyeji hutaga kidogo wanasema kweli. Kwa mwaka mzima hutoa mayai 40 hadi 60, kwa vipindi vya mayai kumi hadi kumi na tano, ilhali kuku wa kizungu wa mayai hukaribia 300. Tofauti hii inatokana kwa sehemu kubwa na kwamba kuku wa mayai amechaguliwa kwa vizazi vingi asiatamie, wakati wetu hugawa mwaka wake baina ya kutaga, kuatamia na kulea. Anayetaka mayai ya kuuza kila asubuhi afuge wale. Asimlaumu mtetea wa kienyeji, achilia mbali kuchi, yule kuku mrefu wa mapigano, kwa kuwa mama.

Limebaki suala la kelele, ambalo limewafanya wenye nyumba kadhaa kuwakataza wapangaji wao wasifuge hata kuku mmoja. Kutetea baada ya kutaga huchukua dakika chache tu za mchana. Kinachoirefusha kelele ni kuku anayezunguka bila ya kupata kiota, au aliyekuta kiota chake kimekaliwa, ambaye huweza kulalama kwa saa nzima. Zaidi ya hayo, kunguru wa mji huu, wale walioletwa Unguja katika miaka ya 1890 na kuonekana Mombasa mwaka 1947, wameshajifunza kuifuata sauti ya kuku anayetetea. Hutua ukutani, hungoja mwenyewe aondoke, na yai hutobolewa pale pale. Kiota kilichofunikwa na mayai yanayookotwa kila adhuhuri huwanyima chakula hicho.

Naomba mambo mawili, Bwana Mhariri. La kwanza ni kwa maafisa wa mifugo wa kaunti: wanapokuja mitaani kwa ajili ya chanjo, waingie uani na kutazama kuku wanatagia wapi, na wamwonyeshe mwenye nyumba namna ya kuweka kiota, kwa kuwa chanjo humlinda kuku na maradhi lakini haimlindi na kisu cha mwenyewe aliyekata tamaa. La pili ni kwa wenye nyumba: badala ya kupiga marufuku ufugaji, mkubaliane na wapangaji wenu idadi ya kuku, usafi wa banda na mahali pa viota, mkataba uandikwe, na atakayeuvunja ndiye aambiwe aondoe kuku wake.

Wako,
Mfugaji wa uani,
Kisauni, Mombasa